Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: ngoma nayo ina bei

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALIPO YA WASANII KATIKA SHUGHULI ZA UMMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza kiofisi makusudi. Barua ya msanii ikianza kwa beti, mpokeaji hutabasamu, husema "huyu ana kipaji", kisha huiweka pembeni. Hii naomba igongwe muhuri wa masjala, ipewe namba, iingie kwenye jalada, na imfikie mtu wa fedha kabla haijamfikia mtu wa utamaduni. Ombi langu ni la kifedha na ni fupi: kila kikundi cha sanaa kinachoitwa kwenye shughuli ya umma ndani ya jiji hili kilipwe, bei ijulikane kabla, na malipo yaandikwe kwa jina la kikundi.

Utauliza, kwani hawalipwi? Hupewa kitu, ndiyo. Ngoja nikueleze kitu chenyewe.

Kulikuwa na uzinduzi mmoja, mkoani humu humu. Ofisi iliyoandaa sitaitaja, na wala haikuwa yako. Kikundi cha mdumange, ngoma ya Wasambaa, kiliambiwa kifike saa mbili asubuhi, mgeni rasmi angeingia saa tatu. Kilifika saa moja na nusu kwa Hiace ya kukodi, watu 17, sare zimepigwa pasi. Wapigaji wakawasha moto wa makuti nyuma ya turubai wakakaza ngoma zao, maana ngozi ikipoa hulegea na mlio wake huwa kama wa ndoo. Akaja kijana mwenye kitambulisho shingoni akaagiza moto uzimwe, moshi utaelekea jukwaa kuu. Moto ukazimwa. Mgeni aliingia saa sita kasoro. Ngoma zikapigwa zimelegea, kiongozi wa kikundi anakunja uso kila mkono unaposhuka, na meza kuu inapiga makofi bila kujua kwamba inachokisikia si mdumange. Hazikupita dakika tano, MC akadaka kipaza sauti: "Asanteni sana, asanteni, tutunze muda."

Shughuli ilipokwisha, karatasi ya mahudhurio ilizunguka chini ya turubai kwa ajili ya posho. Wale 17 ikawaruka. Kiongozi wao aliitwa pembeni ya gari, akatiwa mkononi sh. 50,000 na kupewa katoni mbili za maji. Gawanya mwenyewe: haifiki 3,000 kwa kichwa, na mwenye Hiace bado hajapewa chake.

Siku hiyo hiyo mwenye turubai na viti alilipwa. Mwenye spika alilipwa, tena nusu aliichukua kabla hajafunga waya hata mmoja. Mpishi alilipwa. Gari la matangazo lililozunguka mitaani toka juzi yake lililipwa. Hakuna aliyemwambia mwenye viti avilete kwa uzalendo, wala aliyemwambia mpishi kuwa hii ni fursa ya kujitangaza.

Ukitazama ratiba za shughuli zetu utaelewa ugonjwa unapoanzia. Kila anayesimama ameandikwa jina na cheo: utambulisho, fulani, risala, fulani, salamu za chama, fulani, neno la shukrani, fulani. Katikati hapo utakuta neno moja tu, "Burudani". Haisemi ya nani, kutoka wapi, wala ngoma gani. Ni nafasi ya kujazia wakati mgeni akiwa bado yuko njiani, na aliyeandikwa hivyo ndivyo atakavyolipwa.

Na sisi wa kalamu hatujapona. Simu huingia saa tatu usiku: "Mwalimu, kesho tuna ugeni, tunaomba shairi, beti saba hivi, umtaje kwa jina na cheo, na usisahau miradi." Miradi yenyewe hufuata kwa WhatsApp, picha ya karatasi iliyokunjamana: vyumba vya madarasa, zahanati, kilomita za lami, matundu ya vyoo. Nenda kayakalishe matundu ya vyoo kwenye mizani nane, upate na kina cha kati. (Bilioni ni rahisi, inapata kina na bandarini.) Kesho yake shairi linaghaniwa, mgeni anainuka, anamtunza mghani noti mbele ya kamera, watu wanashangilia. Kutunza ni adabu yetu tangu na tangu, siipingi hata kidogo. Ila hata kwenye taarabu, ambako wanawake hutunza mpaka alfajiri, kikundi hupatana bei kwanza na mwenye shughuli. Tuzo huja juu ya malipo. Kwenye shughuli za umma tumeifanya tuzo iwe ndiyo malipo, na mgeni akiwa amesahau pochi kwenye gari, basi.

Najua majibu ya ofisini, nimeyasikia miaka mingi kutoka kwa watu wema kabisa. La kwanza ni kwamba hakuna fungu. Kweli, mara nyingi halipo, na ndiyo sababu nakuandikia wewe badala ya kumsumbua Afisa Utamaduni. Yule ndiye anayepigiwa simu atafute kikundi kesho asubuhi. Hana kifungu cha kulipia, kwa hiyo anachomoa kwenye masurufu aliyopewa kwa jambo jingine, au anamwomba mfanyabiashara fulani "atusaidie vijana". Wengine hutoa mfukoni mwao. Huwezi kumlaumu mtu wa namna hiyo.

La pili ni risiti. Mzee mpiga ngoma hana TIN, hana mashine ya risiti, hana akaunti ya benki, na manunuzi ya Serikali siku hizi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Hapa kuna ukweli, lakini ukweli huo huyeyuka haraka akitakiwa mtu mwingine. Anayebeba mizigo siku ya shughuli naye hana mashine ya risiti, na hulipwa. Hujazwa fomu, huweka dole gumba, mhasibu huambatisha. Kikundi kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na namba ya simu yenye jina lililosajiliwa. Palipo na nia, mhasibu mzuri hashindwi kutengeneza njia halali.

La tatu ndilo linaloniudhi: kwamba wanapenda wenyewe. Wanapenda, ndiyo. Daktari naye anapenda kutibu.

Sheria, Ndugu Mkurugenzi, inatutambua vizuri sana inapotutoza. Baraza la Sanaa la Taifa lilianzishwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na chini yake msanii anatakiwa ajisajili na awe na kibali. Vikundi vinahangaika, vinachanga, vinalipia. Kuimba bila kibali ni kosa. Kumwimbisha mtu bila malipo bado halijawa kosa. Sisemi usajili ufutwe. Nasema karatasi ile ile inayomtambulisha msanii anapodaiwa itoshe kumtambulisha anapodai.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Tanga si mji uliojifunza muziki jana. Miaka ya 1960 Black Star na Lucky Star walichukua taarabu iliyokuwa na okestra kubwa ya mtindo wa Misri, wakaipunguza vyombo, wakaingiza gitaa, gitaa la besi na midundo ya dansi, na pwani nzima ikaigeukia Tanga kusikiliza. Mtindo ule ulifika mpaka Burundi. Shakila binti Said aliimba na Black Star, kisha Lucky Star, kabla hajahamia Dar es Salaam, alikofariki mwaka 2016. Upande wa dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Nani aliyekuwa akilipa? Watu wa kawaida. Katikati ya miaka hiyo nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mkonge huo ni wa mkoa huu. Reli ilikuwa na wafanyakazi, bandari ilikuwa na makuli, viwanda vilikuja, na mwisho wa mwezi mtu alikuwa na senti ya kiingilio. Mkonge uliposhuka bei, senti ile ikapungua, na muziki ukapungua nayo. Wanamuziki hawakuishiwa vipaji. Waliishiwa wateja.

Ndipo tukaanza kuwaona wakiondoka. Wilson na George Peter Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz hapa hapa. Wakapita Arusha, wakavuka mpaka, na bendi yao ya Simba Wanyika ikavuma ikiwa Nairobi. Nyimbo nyingi za taarabu ya Tanga zilitolewa kwenye santuri za mfanyabiashara wa Mombasa. Mwaka 1989 kampuni moja ya London ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star ikazitoa upya kwa wasikilizaji wa Ulaya. Mji huu tunauita Waja Leo Waondoka Leo, na tunalisema hilo kwa kujidai. Kwa wasanii wetu limekuwa kweli upande mmoja tu.

Ninachotaka ukione hapo ni kwamba mfanyabiashara wa Mombasa na kampuni ya London walikuwa na kitu ambacho ofisi zetu za umma hazikuwa nacho: sababu ya kuandika majina. Aliyelipa alihitaji kujua amemlipa nani. Anayetoa elfu hamsini pembeni ya gari hahitaji jina. Ndiyo maana mimi, mwandishi niliyeishi Ngamiani maisha yangu yote, nikitaka kujua nani alipiga ngoma kwenye mapokezi makubwa ya mji huu miaka ya nyuma, sina jalada la kufungua. Picha zipo kwenye kuta za watu. Mgeni ametajwa, mwenyeji ametajwa, na chini yake pameandikwa "kikundi cha ngoma kikitumbuiza". Hati ya malipo yenye jina la kikundi, kijiji kilikotoka na aina ya ngoma ni kumbukumbu ya kihistoria hata kama mhasibu hakuiandika kwa lengo hilo. Ukilipa kwa maandishi miaka kumi, utakuwa umetuachia orodha ya ngoma za Tanga bila kumwajiri mtafiti.

Sizungumzi ngoma za mapokezi peke yake. Fikiria kazi zote ambazo jamii inaletewa kupitia sanaa: chanjo, kipindupindu, mimba za wanafunzi, madawa ya kulevya. Kuhusu unga, mtu wa Tanga hahitaji kuhadithiwa. Kila mtaa unao vijana wake waliopotelea huko, na wengine waliorudi kupitia nyumba za upataji nafuu. Waliorudi ndio waigizaji bora wa habari hiyo niliowahi kuwaona. Kijana anasimama katikati ya duara kwenye uwanja wa mtaa, anaonyesha jinsi alivyoiba sufuria la mama yake likiwa na wali ndani, na kina mama waliozunguka hawajui wacheke au walie. Kisha siku ya semina ya kujadili tatizo lile lile, hotelini, yule kijana anaigiza dakika kumi mlangoni halafu anaambiwa asubiri nje na "nauli" yake, huku waliokuja kumtazama wakisaini posho za siku tatu. Walioandaa semina walikuwa na bajeti ya kalamu na shajara zenye nembo. Kalamu zile zilikuwa na fungu.

Naomba niseme na jambo gumu kidogo. Kutolipwa kumetufanya tuwe waongo. Msanii asiye na bei hawezi kukataa, na asiyeweza kukataa atasifia chochote, maana njia pekee ya kuitwa tena ni kusifia vizuri zaidi ya mwenzake. Ndiyo siri ya mashairi yetu ya mapokezi kufanana kama yametoka kiwanda kimoja. Ukitulipa kwa kazi, ngoma kwa bei ya ngoma, shairi kwa bei ya shairi, utapata watu wenye nafasi ya kukwambia pia kuwa mtaro wa barabara fulani umeziba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wagosi wa Kaya, kundi la muziki wa kizazi kipya, walitoka mji huu wakaimba habari za huduma hospitalini na za Tanga iliyodorora, kwa lafudhi yetu bila kuipiga pasi, na nchi nzima ikasikiliza. Walikuwa wakilipwa na wasikilizaji walionunua kanda, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kusema.

Na Shaaban Robert, ambaye kaburi lake liko Machui, kilomita chache tu kwenye njia ya Pangani, aliwezaje? Alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akahamishwa huku na huku, na miaka yake mingi ya mwisho kazini aliitumia katika ofisi za Serikali hapa Tanga. Aliwahi hata kukaa kwenye baraza la mji, yaani kwenye kiti cha ukoo mmoja na chako. Mkate wake haukutoka kwenye kusifu. Tunampenda sana siku za maadhimisho na tunamtaja kwenye kila hotuba ya Kiswahili. Lakini hatuwezi kungoja kila mwenye kipaji apate ukarani kwanza.

Sikuombi ukumbi. Wenzangu wengi wakiandika barua kama hii huomba ukumbi wa sanaa, na nia yao ni njema, lakini nimeona kumbi nyingi zikigeuka za harusi kufikia mwaka wa pili na stoo ya viti kufikia wa tano. Sikuombi sanamu pia. Wala sikuombi tamasha kubwa lenye mabango, maana tamasha nalo huleta wasanii wa Dar es Salaam kwa mamilioni na kutuachia sisi wa hapa kufungua pazia kwa bure.

Ninachoomba ni kifungu. Kwenye bajeti ya halmashauri liingie fungu la huduma za sanaa, dogo kiasi mtakachoweza, likae chini ya Afisa Utamaduni ili akipigiwa simu awe na jibu. Vikundi viitwe kwenye kikao kimoja na mkubaliane bei elekezi: kikundi cha watu kumi mpaka ishirini, nusu siku, usafiri umo au haumo, shairi, igizo la mtaani. Malipo yapite kwenye simu ya kikundi, ndani ya wiki moja, na nusu itangulie kama anavyotanguliziwa mwenye spika. Jina la kikundi liandikwe kwenye ratiba mahali pa neno "Burudani", na MC alisome. Na kampuni au shirika lolote linalokuja ofisini kwako kuomba utafutiwe kikundi lipewe bei hiyo hiyo kwenye karatasi. Bandari yetu imepanuliwa, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, kila mwezi kuna ugeni wa aina yake na kila ugeni unataka ngoma. Wanaokuja kwa biashara za mabilioni hawatashindwa na bei ya kikundi cha ngoma ya gombesugu.

Liko pia lile suala la asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Vikundi vya sanaa vina sifa zote za kukopa isipokuwa moja: havina mapato yanayoonekana kwenye karatasi. Kikundi cha bodaboda kinaweza kuonyesha hesabu ya siku. Kikundi cha ngoma kikiwa na hati za malipo za mwaka mzima, nacho kitaonyesha, na afisa maendeleo ya jamii hatakuwa na sababu ya kukishauri kifuge kuku kwanza.

Nimesikia kinyume chake pia, kwamba wakilipwa wataharibika, watakuwa wa kibiashara, ngoma za asili zitapoteza roho yake. Anayesema hivyo mara nyingi ana mshahara. Na baikoko je, ngoma yetu ya kuzungusha viuno? Wazee watauliza kama nayo ilipwe fedha za umma, kwa jinsi ilivyolalamikiwa kimaadili. Hilo mjadili kwenye baraza la madiwani, mna haki ya kuchagua mtakachoalika. Mimi nimeona viongozi wakiikemea jukwaani na simu zao zikirekodi, kwa hiyo mjadala utakuwa mrefu. Mnachochagua kukialika, kilipieni.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na makisio hupita kwenye kamati na baraza miezi kadhaa kabla. Kama fungu hili halitaingia kwenye makisio yajayo, naomba nijibiwe kwa maandishi ni kifungu gani cha kanuni za fedha kinachokataza, ili sisi wasanii tujue tukalalamike wapi. Nakala ya majibu nitaibandika Ngamiani, kwenye mlango wa klabu tunapofanyia mazoezi, kwa sababu wenzangu wengi hawafiki ofisini kwako na wakifika huulizwa wana shida gani.

Naomba kuwasilisha.

Mwandishi na mtunzi wa mashairi,
Ngamiani, Tanga

Nakala:
Mstahiki Meya wa Jiji
Kamati ya Fedha na Uongozi
Afisa Utamaduni
Viongozi wa vikundi vya ngoma, taarabu na maigizo